Wapangaji Waliozidi Adabu

Matroni wa bweni la wasichana na mumewe, dereva wa daktari mmoja wa mjini, walikuwa wameoana muda mrefu kiasi kwamba binti yao wa pekee alikuwa tayari ana watoto wa kumsumbua. Lakini wao wenyewe hawakuwahi kuishi nyumba moja. Hawakugombana wala kuachana. Walioana kihalali, wazee wa pande zote mbili wakashuhudia, na sherehe ilipokwisha kila mmoja akarudi kulala kazini kwake.

Kazi ndiyo iliyopanga hivyo. Matroni alilala katika chumba kidogo mwishoni mwa bweni, mlango ukiachwa nusu wazi ili amsikie mtoto anayekohoa, anayelilia kwao, au anayenong'ona wakati wa kulala. Dereva alilala katika chumba cha langoni kwa daktari, kwa sababu ugonjwa hauchagui saa na daktari hakupenda kungojea gari. Mwanamume haruhusiwi kukanyaga bwenini. Mke haruhusiwi kulala langoni. Shule ilipofunga na Matroni akapata nafasi, ndipo daktari naye alipopenda kusafiri, na safari bila dereva si safari. Wakabaki na Jumapili alasiri.

Kila Jumapili Matroni alivaa gauni lake la heshima, akaenda hadi langoni, akabisha mlango wa chumba cha mumewe na kungoja aambiwe "karibu", maana baraza la daktari lilitazamana na mlango ule na yeye hakutaka maneno. Dereva alikuwa amekwisha kunyoa ndevu, kung'arisha viatu na kutoa viti viwili nje. Walikaa, wakapeana habari za wiki, wakataniana. Jua likishuka Dereva alimsindikiza hadi lango la shule, akasimama pale mpaka amwone amepotelea ndani. Wenye udadisi wasiulize binti alipatikanaje. Mungu ni mwingi wa rehema, na mara mojamoja daktari alisafiri kwa ndege.

Wako watakaocheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Tuna tabia mbaya mijini: tunamwajiri mtu mzima kwa kazi ya mchana, tunachukua na usiku wake bila kuuliza, kisha tunamsifu kwa uaminifu. Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Alimtibu mama yake Dereva bila malipo mpaka mama huyo alipofariki, na kila shule ilipofungua alimkumbuka binti kwa madaftari na viatu. Lakini katika wema wake wote hakuwahi hata siku moja kumuuliza mtu aliyemwendesha, "Mkeo analala wapi?" Wema usiouliza swali hilo una upungufu, hata ukivaa koti jeupe.

Daktari alipofariki, warithi waliuza nyumba, na aliyeinunua alipenda kushika usukani mwenyewe. Muhula huohuo Matroni alifikia umri wa kustaafu. Mwalimu mkuu alimweleza kwa upole kwamba matroni mpya angekihitaji chumba kile shule itakapofunga. Hivyo mke na mume wakawa wamepoteza kwa mkupuo mmoja mahali pa kulala, na kwa mara ya kwanza maishani mwao hiyo ikawa habari njema.

Binti yao hakuiona hivyo. Alipiga simu na mpango wake tayari mkononi.

"Mama, wewe njoo kwangu. Wajukuu wanakulilia. Baba aende kijijini akakae na shangazi, nyumba ile ni kubwa, na shangazi siku hizi anasahau hata kufunga mlango."

Ulikuwa mpango wa mapenzi. Wajukuu wangempata bibi, shangazi angempata mlinzi, binti angepata usingizi. Waliosahauliwa ni wenye ndoa tu.

"Mwanangu," Matroni alijibu, "nimekaa na watoto wa watu maisha yangu yote. Sasa nataka kukaa na baba yako."

Binti akaangua kicheko. "Mama jamani! Kwa umri huo?"

"Umri huu umekosa nini?"

"Haya, yaishe. Mkipata nyumba ya maana kabla shule haijafunga, sawa, nitanyamaza. Msipopata, nakuja mwenyewe na gari nikuchukue wewe na mabegi yako. Sikubali mama yangu alale kwa kubahatisha."

Walichokitaka hakikuwa kikubwa: chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, na choo cha ndani. "Chumba na sebule tu," Dereva alimwambia dalali. "Muhimu tuwe na mlango wetu wenyewe."

Dalali alikuwa mtu mnene mwenye simu mbili, aliyeweza kuzungumza na zote kwa pamoja na kuipa kila moja uongo wake. Hakuwa mwovu. Alikuwa mtu wa mjini, naye mtu wa mjini hujifunza mapema kwamba ukweli hauna haraka, lakini mteja anayo.

Aliwapeleka kwanza kwenye ghorofa lililokuwa juu ya duka la vipuri vya magari. Mwenye nyumba, mzee aliyekuwa na kijiti cha meno mdomoni, alikuwa akiwangoja mlangoni na funguo. Dereva alitangulia kama alivyozoea kazini, akaufungua mlango, akasimama kando, mkono mmoja mgongoni.

"Karibu, Bibie. Angalia kizingiti, kimeinuka."

"Asante sana, mwenzangu. Hujachoka na ngazi?"

"Nitachoka nikiwa na wewe?"

Mzee akakihamisha kijiti cha meno upande wa pili wa mdomo. Aliwaonyesha sebule, akawaonyesha jiko, akawafikisha chumbani.

"Kitanda mtakiweka wapi?" aliuliza.

"Popote atakapopenda yeye," alisema Dereva.

"Hapana, chagua wewe," alisema Matroni. "Mimi nimezoea popote."

"Bwana hulala upande gani?" mzee alimuuliza Matroni. "Wa ukutani au wa mlangoni? Maana ukuta huu unapata unyevu mvua zikinyesha."

Matroni alifikiri. Kisha, kwa unyofu wa mtu asiyejua kwamba anajichimbia kaburi, akamgeukia mumewe. "Samahani, mwenzangu, wewe hulala upande gani?"

Mzee alimvuta Dalali hadi kwenye ngazi, na sauti yake ikapanda hadi chumbani ingawa alidhani ananong'ona. "Hapa pana familia, bwana. Pana watoto. Hao wako waliotoroka kwao wakatafute gesti."

Walipofika barabarani Matroni alishika nguzo ya umeme na kucheka hadi machozi yakamtoka. "Mimi! Kwa magoti haya! Nimeitwa kimada!"

"Si jambo la kucheka," Dereva alisema, masikio yamemwiva.

"Ni jambo la kucheka, mwenzangu. Ingekuwa nina miaka ishirini ndiyo ningelia."

Nyumba ya pili ilikuwa uani, nyuma ya saluni, na mwenyewe alikuwa mama mwenye nywele alizozipaka rangi jana yake. Huko mambo yalikwenda vizuri mpaka Dereva alipoingia chumbani kupima dirisha. Mlango ulijirudi nyuma yake, na Matroni, aliyekuwa akimfuata, alisimama, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akabisha hodi na kungoja. Mama wa nywele alimtazama kuanzia juu hadi chini. Dakika hiyohiyo akakumbuka kwamba nyumba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na shemeji yake.

Tunasema tunataka ndoa za heshima, kisha tukiiona heshima yenyewe tunaitilia shaka. Watu wawili wa makamo wakisemezana vizuri barabarani, wapita njia huulizana, "Wale ni nani kwa nani?" Lakini mwanamume akimfokea mwanamke sokoni, kila mtu hupita bila kugeuka, maana anajua hao ni mtu na mkewe. Hilo si jambo la kujivunia.

Dalali aliwaketisha kwenye benchi la kibanda cha chai, akazima simu moja, jambo ambalo hakulifanya ila kwenye misiba.

"Wazazi wangu, niwaambie ukweli. Tatizo lenu ni adabu."

"Adabu imekuwa tatizo?" aliuliza Dereva.

"Imezidi, mzee wangu! Mimi nina mke nyumbani. Nikimwambia 'asante sana, karibu upite', ataniuliza nimefanya kosa gani. Mtu na mkewe hawaombani samahani mlangoni. Wanasukumana."

"Sisi hatusukumani."

"Basi leo sukumaneni kidogo. Tunakwenda nyumba nzuri kuliko zote, na mwenyewe ni mama mkali. Mzee, ukifika pale paza sauti: 'We mwanamke, toka huko!' Mama, nawe kunja uso, mjibu: 'Nimechoka na kelele zako.' Basi! Akisikia hivyo tu, atajua hii ndoa ni ya siku nyingi."

Matroni alicheka. Dereva aliitazama chai yake.

Hapo ndipo walipokosea, nami sitawatetea. Uongo haugeuki kuwa mdogo kwa sababu aliyeusema ana shida. Lakini shule ilikuwa inafunga wiki ileile, binti alikuwa amekwisha kupiga simu kuuliza mabegi ni mangapi, na mfa maji haachi kutapatapa. Wakakubali.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mjane, karani mstaafu wa mahakama. Alikaa chini na kupangisha juu. Walimkuta na pasi yake, akinyoosha mashuka kwa nguvu kana kwamba yameshitakiwa. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba.

"Kodi mnaijua, dalali amewaambia," alisema. "Maji hukatika, ila asubuhi huja. Nina sharti moja tu, nitalisema mkishaona. Pandeni."

Pale juu palikuwa pazuri. Si pazuri pa kifahari. Rangi ya ukuta ilikuwa imebabuka nyuma ya mlango, na kigae kimoja cha jikoni kilicheza ukikikanyaga. Lakini sebule ilikuwa na roshani ndogo inayotosha watu wawili wasio na haraka, jiko lilitazama kamba za nguo za majirani, na chumba cha kulala kilikuwa na dirisha pana upande wa mawio. Matroni aliingia humo peke yake. Aliushika mlango, akausukuma taratibu ukafunga kabisa, kitasa kikalia. Waliokuwa sebuleni hawakuelewa alichokuwa akikifanya. Alikuwa akisikiliza. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kufunga mlango wa chumba anacholala, na sasa alisimama nyuma ya mlango uliofungwa, na ng'ambo yake hapakuwa na mtoto wa mtu yeyote wa kumsikiliza akikohoa.

Alipoufungua, uso wake ulikuwa kama wa msichana aliyeitwa mbele kupewa zawadi. "Mwenzangu," alianza, "njoo uone..."

Dalali alikohoa. Dereva akakumbuka somo lake, akavuta pumzi.

"We mwanamke!" alifoka. "Toka huko, unatuchelewesha! Kazi yako kuzubaa tu!"

Sebule ilikuwa tupu, haina kiti wala pazia la kuipunguza sauti. Ilizunguka kuta zote na kurudi. Matroni alikuwa na jibu lake tayari, alilokuwa amelirudia njiani huku akicheka, lakini halikutoka. Mkono wake ulibaki kwenye kitasa. Alimtazama mumewe kama abiria aliyekwisha panda gari, kisha akagundua kwamba aliye kwenye usukani si yule anayemjua.

Mjane, aliyekuwa amewafuata juu, aliishika miwani yake kifuani. "Mmemaliza kuona?"

"Tumemaliza, mama, na tumeipenda mno," Dalali aliwahi kusema. "Mtu na mkewe kabisa hawa. Umewasikia mwenyewe."

"Nimewasikia, na ndiyo maana hawapangi hapa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sharti langu lilikuwa hilo tu: hapa hakuna kufokeana. Waliotoka hapa walikuwa wakitupiana sufuria. Nimekaa mahakamani nikiandika kesi za ndoa mpaka mkono ukafa ganzi. Mwanamume anayemsemesha mkewe hivyo mbele ya wageni, wageni wakiondoka anamfanyaje? Majibu yake ninayajua, niliyaandika. Shukeni polepole, ngazi ya mwisho imemeguka."

Matroni alishuka wa kwanza. Alifika katikati ya ngazi, akakaa. Dalali alipita pembeni yake kimyakimya, akatoka nje kwenda kuiwasha ile simu aliyoizima. Dereva alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Nisamehe," alisema.

"Kumbe una sauti hiyo."

"Sina. Ile nimeiazima."

"Umeiazima kwa nani? Maana imekukaa vizuri."

"Kwa daktari," Dereva alisema. "Ndivyo alivyokuwa akimsemesha mkewe garini. Mimi nipo mbele, nashika usukani, najifanya sisikii. Leo nilipotafuta sauti ya mume, sikupata nyingine. Mume wa Jumapili ninamjua. Wa Jumatatu anasemaje, sijui. Sijawahi kuwa."

Matroni alilisafisha goti lake vumbi ambalo halikuwapo. "Wala mimi mke wa Jumatatu simjui," alisema. "Nikuambie kitu, usikasirike. Binti aliposema niende kwake, nilikataa kwa mdomo, lakini kuna upande wa moyo ulioshukuru. Jumapili ninakuja kwako nimeoga, nimevaa, nimeficha mgongo unaoniuma. Sijawahi kukununia, maana hapakuwa na muda wa kununa. Nikajiuliza, tukikaa pamoja, yule wa Jumapili akiisha, utabaki na nani? Halafu leo nikaisikia ile sauti, nikasema, haya, ndiyo hiyo. Imeanza hata kabla hatujalipa kodi."

Dereva alikaa kando yake, suruali yake iliyonyooshwa ikapata vumbi la ngazi, naye hakuijali.

"Mimi nakoroma," alisema.

"Najua. Marehemu mama yako aliniambia kabla sijaolewa. Alisema nisije nikasema sikuonywa."

"Na nikikasirika sisemi. Naweza kunyamaza siku nzima."

"Hilo sikulijua."

"Basi sasa unalijua."

Matroni alifikiri kidogo. "Mimi nikikasirika nafagia."

"Unafagia?"

"Hata palipokwisha fagiwa. Wasichana bwenini wakiniona na ufagio mchana wanakimbia."

"Basi nyumba itakuwa safi."

"Nyumba ipi? Tumefukuzwa."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha Dereva akasema, bila kumtazama, "Sitakusemesha vile tena. Sisemi hivi kwa ajili ya nyumba. Hata ukienda kwa binti, nami nikaenda kwa dada, tukarudi kuonana kwa bahati, sitakusemesha vile. Ile ilikuwa mara ya kwanza, na ndiyo imekwisha."

Hawakujua kwamba mjane alikuwa amesimama juu yao. Alikuwa amefunga nyumba na kuanza kushuka, akawakuta wameziba njia, na karani wa mahakama huwa haondoki shahidi anapozungumza.

"Ninyi," alisema, nao wakaruka kusimama kama wanafunzi. "Mmeoana au hamjaoana?"

Matroni ndiye aliyejibu, maana alikuwa amewakanya wasichana wengi kuhusu uongo na hakutaka kuondoka pale na wake mwenyewe. "Tumeoana, mama, tangu ujana. Lakini kazi zetu zilikuwa za kulala hukohuko, hatujawahi kukaa pamoja. Nyumba mbili tumefukuzwa kwa kuwa tunasemezana vizuri. Wakasema sisi ni wezi wa mapenzi. Basi tukafundishwa kufokeana ili tuonekane tuna ndoa. Tumekudanganya, na tumekosa. Utusamehe, tunaondoka."

Mjane aliivaa miwani ili awaone vizuri. "Aliyewafundisha ni nani?"

Macho ya wote wawili yalielekea nje yenyewe, kwa Dalali.

"Wewe Dalali!" aliita. "Hebu njoo!"

Dalali akaja, simu sikioni, tabasamu mbele.

"Kata simu. Umewaambia watu wazima watukanane ndipo wapate nyumba?"

"Mama yangu, mji huu mgumu. Wenye nyumba wenzako..."

"Usinitajie wenzangu. Mji haujawahi kumtukana mtu. Wanaotukana ni watu, na wengine hufundisha kutukana. Mkeo anajua kwamba hiyo ndiyo picha ya ndoa unayoiuza huko nje?"

Dalali akaitia simu mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakuwa na uongo wa karibu.

"Nenda nyumbani ukamwambie asante," mjane alimwambia. "Akikuuliza umefanya kosa gani, mjibu." Kisha akawageukia wale wawili, akatoa funguo mfukoni. "Na ninyi mnangoja nini hapo? Rudini juu. Sikuwaonyesha bomba la jikoni, lina tabia zake."

Walihamia siku ambayo shule ilifunga. Binti alikuja na gari kama alivyoahidi, akakuta mabegi ya mama yake yamekwisha panda ngazi. Alizunguka nyumba yote, jambo ambalo halikuchukua muda, akakikanyaga kigae kinachocheza, akafungua bomba likampiga maji usoni. Alitoka jikoni akijipangusa, tayari kulalamika, akamkuta baba yake amepanda kiti anamfungia mama yake pazia, na mama yake ameshika msumari anamwongoza, "kulia kidogo, hapo, hapo hapo." Akasimama. Hakuwahi kuwaona wakifanya kazi ya nyumbani pamoja. Kusema kweli, hakuwahi kuwaona wazazi wake wote wawili wamevaa nguo za nyumbani kwa wakati mmoja.

"Haya," alisema, sauti imemnywea. "Nitawaletea zulia."

Jumapili yao ya kwanza walijisahau kabisa. Alasiri ilipofika, Dereva alinyoa ndevu, Matroni akavaa gauni la heshima, viti viwili vikatolewa kwenye roshani. Walizungumza mpaka mwanga ukapungua. Jua liliposhuka Dereva aliinuka, akatwaa kofia yake na kunyoosha mkono kama ilivyo desturi, amsindikize. Matroni naye akainuka. Wakatazamana. Hapakuwa na lango la kumfikisha. Dereva aliirudisha kofia, akakaa tena.

Kesho yake asubuhi, Dereva aliamka mapema kama mtu aliyezoea kulipasha gari moto. Mke wake alikuwa bado amelala. Hilo halikuwa limetokea tangu amjue. Bwenini aliamka kabla ya kengele, na likizo chache alizokwenda ukweni aliamka kabla ya mama mkwe, maana mke mgeni hangojei kuamshwa. Sasa jua lilikuwa limeshapita dirishani, limefika miguuni pake, naye amelala chali, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Dereva alitoka kwa ncha za vidole na kuufunga mlango.

Mara sauti ya mjane ikapanda ngazi. "Huko juuu! Maji yamekuja! Kingeni kabla hayajakata! Mamaaa!"

Dereva alishuka mbio, ndoo ya bati mkononi, shati nje ya suruali, hajanyoa, miguu imevaa kandambili moja yake na moja ya mkewe.

"Mama, samahani," alisema akihema. "Tafadhali, taratibu kidogo. Mke wangu amelala."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala tu."

Mjane alimtazama. Alikuwa amesimama pale na ndevu zake na kandambili zake zisizolingana, kifua mbele, kama mtu aliyekuja kutangaza kwamba amepandishwa cheo. Mjane akageuka kuangalia bombani.

"Basi kinga polepole," alinong'ona, "na hiyo ndoo ya bati iweke chini, inapiga kelele. Chukua yangu ya plastiki."